Kidogo Tu Kwenye Maji

Anayesema kufuga kuku ni kazi ya kupumzikia, mleteni kwangu asubuhi nimkabidhi koleo na ndoo, halafu tuongee tena mchana. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na nyuma ya nyumba liko banda la kuku wa mayai wa Mama, na kati ya hivyo viwili nimegeuka mtu wa kunuka. Wateja wanakuja kupimwa suruali, wananusa, kisha wanainua miguu kuangalia soli za viatu vyao, wakidhani ni wao waliokanyaga kitu. Nami nawaacha waangalie.

Kuku walikuwa wanahara. Si mmoja wala wawili, banda zima. Kinyesi ambacho kilitakiwa kuwa kigumu, na kijikofia cheupe juu yake, kilikuwa uji wa kahawia wenye povu. Maranda tuliyotandaza chini yalikuwa yamelowa na kugandamana, na mayai yalitoka viotani yamepakwa uchafu kiasi kwamba unaona haya kumpa mtu mkononi. Ukiingia, harufu inakuwasha macho kabla haijafika puani. Nilikuwa natoa maranda mabichi, naweka makavu, na kesho yake hali ni ileile. Mgongo uliniuma, na mgongo ndio mtaji wa fundi.

Ungekuwa uamuzi wangu, ningewamaliza wote kwa kisu. Lakini kuku wale hawakuwa kuku tu, na ukoo mzima ulilijua hilo. Baba alipofariki, Mama aligeukia ukutani. Sisemi kwa mafumbo. Alilala kitandani, uso ukutani, na hakutaka kugeuka. Huyu ni mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi wodi ya watoto mpaka akastaafu, ambaye hata siku yake ya mapumziko alikuwa hakai chini, leo hanyanyuki hata kufungua dirisha. Tulijaribu maneno. Tulijaribu majirani. Dada yangu mkubwa akaleta wajukuu, wakapiga kelele zao, wakarudishwa kwao. Kilichomnyanyua ni vifaranga. Mwenzake wa kazi za zamani alihama, akatuachia, nami nikawaweka kwenye boksi sebuleni chini ya taa kwa sababu sikuwa na pengine pa kuwaweka. Asubuhi nikamkuta Mama amepiga magoti kando ya boksi, anawagusa mmoja mmoja tumboni kwa kidole. Tangu siku hiyo akawa anaamka kabla yangu.

Kwa hiyo kila nilipokuwa nachota uharo ule nilijua ninachochota. Kuku wakifa, Mama anarudi ukutani, na safari hii sikujua ni nini kingemtoa huko.

Sasa sikieni watu wa kwetu walivyo. Katika ukoo wetu mtu haji mikono mitupu. Zamani walikuwa wanamletea Mama sukari, sabuni, kipande cha kitambaa. Walipogundua kwamba anachangamka zaidi ukimuulizia kuku wake, wakaacha sukari, wakaanza kumletea dawa za kuku. Shangazi, dada yake marehemu Baba, anakuja na majani ya mshubiri kayafunga kwenye gazeti. Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye hajawahi kufuga hata paka, anakuja na chupa ya siki kwa sababu kuna mtu kasema redioni. Dada naye anapita duka la dawa za mifugo na kumwambia muuzaji, "Nipe ile kali." Mama anapokea kila kitu kwa mikono miwili, anashukuru, anasubiri mgeni amalize chai, kisha wanaongozana mpaka nyuma ya banda. Hapo pana pipa la maji juu ya kichanja, na kutoka kwenye pipa maji yanashuka kwa bomba mpaka kwenye vyombo vya kuku. Mgeni anatia alicholeta, Mama anakoroga.

"Kidogo tu," ndivyo wanavyosema wote. "Hakidhuru."

Nalichukia neno hilo mpaka leo. Kidogo cha Shangazi, kidogo cha Shemeji, kidogo cha Dada, na kidogo cha Mama mwenyewe, ukivijumlisha unapata pipa la supu ambayo mimi nisingeoshea hata baiskeli.

Halafu mmoja akafa. Mama alimleta barazani kambeba kifuani, akamlaza juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mtu, akasema, "Mpeleke akaangaliwe." Alikuwa na sura ileile ya siku za msiba. Sikusema habari ya kitambaa.

Daktari wa mifugo wa mtaani kwetu ni binti mmoja tunayemwita Gambuti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na viatu vingine. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza ya bati, sinki, na hadubini iliyofunikwa kitambaa kisafi kuliko koti lake. Alimchana kuku, akavuta utumbo, akaunyoosha juu ya bati, akaupasua kwa mkasi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi hukata vitambaa kutwa nzima, lakini pale niligeuka nikatazama dirisha.

"Fundi, huku," alisema. "Dirishani hakuna kuku. Vaa glovu uguse hapa ndani. Utumbo wenye afya huwa mnene, ndani una manyoya kama taulo. Huu ukoje?"

Nikagusa. Ulikuwa mwembamba na wa kuteleza, kama bitana ya suti ya bei rahisi, na mwanga ulipita upande wa pili. Ndani mlikuwa na mapovu na vipande vya mahindi vilivyokuwa vinatoka kama vilivyoingia.

Alichukua uchafu kidogo, akauangalia kwenye hadubini, akaangalia tena. "Si ule ugonjwa wa kuhara damu," akasema. "Ingekuwa ule, ningekupa dawa yake sasa hivi ukaenda. Hebu niambie, mnawatilia nini kwenye maji?"

Nikaanza kutaja. Mshubiri. Siki. Kitunguu saumu. Majivu. Poda nyekundu. Poda ya manjano. Antibayotiki ya wiki iliyopita na ile ya wiki ya kabla yake. Nilipofika kwenye pilipili aliweka mkasi chini.

"Nani anawatilia?"

"Ukoo," nikasema.

Hakucheka. Aliniuliza poda ya manjano ina picha gani kwenye pakiti, nikamwambia, akashika kichwa kwa mkono ambao bado ulikuwa na glovu. "Hiyo ni vijidudu vizuri, Fundi. Ni vya kumsaidia kuku tumboni. Mmevitia kwenye pipa lilelile lenye antibayotiki. Mmevinunua, mmevipeleka, mkaviulia mlangoni."

Akanieleza, na nakiri kwamba alieleza vizuri. Tumboni mwa kuku mna vijidudu vinavyofanya kazi kutwa kucha. Vinamsaidia kusaga chakula, vinalinda ukuta wa utumbo, vinawabana wabaya wasipate pa kukaa. Ukimwaga dawa, dawa haiulizi nani mwema, inafagia wote. Na wanaowahi kurudi kwenye nyumba tupu ni wale wabaya. Kuku anahara, nyinyi mnaona anaumwa, mnatia dawa nyingine.

"Sasa niwape dawa gani?" nikauliza.

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeleta kitambaa cha sketi akitaka suti.

"Hakuna. Osha pipa. Osha bomba lote kwa ndani, mna utelezi humo unaofuga kila uchafu. Wape maji matupu, safi. Maranda makavu, uyageuze kila siku. Chakula kiwe kilekile, msibadilishe ghafla. Baada ya hapo msifanye kitu. Utumbo unajitengeneza wenyewe mkiuacha." Akafungua maji ya sinki. "Hapo penye msifanye kitu ndipo watu wanaponishinda."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama jikoni, neno kwa neno. Alikuwa anamenya viazi, akawa anaitikia kwa kichwa. "Sawa, Baba," akasema. "Nimesikia." Mama kukubali upesi namna ile ni jambo ambalo lilitakiwa kunishtua, lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupokea habari njema bila kuichunguza.

Kazi nikaifanya mimi. Nilishusha bomba, nikalipulizia maji kwa nguvu kutoka upande wa pili, na kikatoka kitu cha kijani kirefu kama kamasi la jitu. Nikasugua pipa mpaka kucha zikauma. Nikakusanya maranda yote, nikafukia mbali, nikatandaza mapya. Kisha nikapiga simu moja baada ya nyingine. Nikawaambia anayekuja kwetu aje na sukari.

Shangazi alichukia. "Mshubiri ndio uliomkuza baba yako," akasema.

"Baba hakuwa kuku, Shangazi."

Akanikatia simu. Shemeji akaniuliza kama siki nayo imo kwenye marufuku, maana siki ni chakula. Nikamwambia aiweke kwenye saladi.

Na ikafanya kazi. Sikutegemea, lakini ikafanya kazi. Siku zikapita, banda likaanza kukauka, harufu ikapungua. Asubuhi moja Mama aliniita niache mashine niende haraka. Nikakimbia nikidhani kaanguka. Kumbe ameinama juu ya kinyesi kimoja kigumu, cha kahawia, na kofia yake nyeupe juu, na anakionyesha kwa fimbo. Tulisimama pale mama na mwanawe tukikitazama kinyesi kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi kwa ajili ya uso wake.

Halafu wakaanza kuhara tena.

Nilinusa pipa, maji yalikuwa maji. Niliangalia chakula, kilikuwa kilekile. Maranda niliyageuza mwenyewe. Basi nikaanza kushuku watu, na mtu akianza kushuku ndugu zake hana siku njema. Nikampigia Shemeji. "Umepita huku nisipokuwepo?" Akasema angepita na nini, gari liko kwa fundi tangu lini. Nikampigia Dada, akalia. Shangazi hakupokea, nami nikachukua kule kutopokea kuwa ushahidi. Nilishona suruali ya mtu siku ile nikaunga mguu wa kushoto na wa kushoto, nikafumua, nikaanza upya, nikiwa namlaani Shangazi, mzee wa watu ambaye hakuwa na kosa.

Aliyekuwa na kosa nilimkuta kwa bahati. Nilitoka kwenda kununua zipu, nikafika njiani nikakumbuka kwamba sikuchukua kipande cha kitambaa cha kulinganishia rangi, nikarudi. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Mama alikuwa ndani, amechuchumaa. Hakugusa pipa. Alikuwa anapita kwenye chombo kimoja cha maji baada ya kingine, anafungua kidonge cha rangi mbili, anamwagia unga wake, anakoroga kwa kidole, anaweka maganda mfukoni mwa aproni. Na anaongea nao kwa sauti ya chini, "Haya, mama, kunywa. Kunywa, utapona." Ndivyo alivyokuwa akipita kitanda kwa kitanda wodini. Niliwahi kumwona nikiwa mdogo.

"Mama."

Hakushtuka. "Umesahau nini?"

"Tulikubaliana."

"Mlikubaliana wewe na yule binti. Mimi niliitikia."

"Walikuwa wanapona."

"Yule pale alikuwa amejikunyata."

"Alikuwa amelala, Mama. Kuku hulala."

Akafungua kingine. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Nilimwambia anawaua. Nilimwambia nimevunjika mgongo nikisugua mabomba, nimegombana na ukoo mzima, kumbe anayewaua ni yeye, kwa mkono wake, na kwamba muuguzi wa miaka yote ile alipaswa kujua. Nilisema kwa sauti. Kuku walikimbilia pembeni.

Mama alisimama taratibu, akishikilia ukuta.

"Najua," akasema. "Najua kuliko huyo Gambuti wako. Mimi ndiye niliyekuwa nawagombeza akina mama wodini. Mtoto anahara, mama yake anataka apewe dawa kali, ukimwambia mpe maji na chumvi na uvute subira anakuona huna elimu, anakwenda kununua dukani. Nimesema mpaka sauti imekauka. Msimpe mtoto dawa ovyo." Akajifuta kidole kwenye aproni. "Halafu wakaniambia mimi, kwa baba yako. Wakaniambia hakuna cha kumpa tena, Sista, kaa naye tu. Nikakaa. Dawa zote ninazijua, zimo kichwani humu, nami nimeshika mkono wake, nimekaa, namtazama anakwenda. Kwa hiyo usiniambie nikae. Niambie kingine chochote."

Mtu mwenye moyo angenyamaza hapo, au angemkumbatia mama yake. Mimi nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, badala ya zipu nikanunua kufuli. Nikafunga banda. Ufunguo nikautia kwenye kamba ileile ninayoning'inizia mkasi shingoni, nikakaa kwenye mashine nikashona hadi giza likaingia.

Mama hakugomba. Alikwenda akaliona kufuli, akaligeuza mkononi, akaliachia. Kesho yake hakuamka kabla yangu. Nilimpelekea chai, nikamkuta uso ukutani. Nikaiweka. Mchana nikaichukua imepoa.

Na kuku wakapona. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Walipona kana kwamba wananikomoa. Maranda yakawa makavu ya kuchezea watoto, mayai yakawa masafi, makubwa, ganda gumu, kinyesi kila mahali na kofia yake nyeupe imesimama. Walinifuata miguuni wakidonoa kamba za viatu, wamenona, macho maangavu, na mimi nimesimama katikati yao na koleo nikiwachukia. Nilimwekea Mama yai juu ya meza ya kitanda. Moja halina hata doa. Akalitazama kidogo, akasema, "Zuri," akageuka.

Shemeji akaja, safari hii na sukari. Alizunguka banda, mikono nyuma, akarudi barazani. "Umeweza," akaniambia. "Wamependeza kweli. Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

Nikainamia cherehani. Akakaa kidogo, akaacha sukari, akaenda zake. Nikabaki natazama mfuko ule wa sukari na sindano imesimama kwenye kitambaa.

Nilichokuwa nataka tangu mwanzo ni nini? Nilitaka Mama awe kwa miguu yake. Kuku walikuwa njia tu. Sasa nilikuwa na njia nzuri kabisa, kavu, safi, yenye afya, na mwenyewe hayupo. Nilikaa pale nikiwa na hasira naye, na hasira na Gambuti, na hasira zaidi na mimi, na hakuna hata moja ya hasira hizo iliyokuwa na msaada wowote. Nikavua kamba shingoni.

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamwekea ufunguo kiganjani, nikamfumba vidole.

"Mama, kuku ni wako," nikasema. "Ukitaka kuwapa, wape. Wakihara, watahara, mimi nitafagia. Lakini amka."

Hakugeuka. Nilikaa mpaka nikaona kukaa kwangu hakusaidii, nikarudi barazani. Nikashona. Uzi ulikatika, nikautunga, ukakatika tena. Baada ya muda nikasikia malapa yake korido, kisha mlango wa nyuma, kisha kufuli. Nilijikaza nisiende. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kwenda. Nilipiga mshono mrefu wa pindo ambao baadaye ilibidi niufumue wote.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama mlangoni, nywele hazijachanwa, aproni juu ya gauni la kulalia, vipande vya maranda kwenye malapa.

"Yule mwekundu wa pembeni anahara kidogo," akasema. "Nimemtenga."

"Umempa nini?"

"Maji."

"Maji na nini, Mama?"

"Maji."

Nilimtazama mikono. Nilimtazama mfuko wa aproni, kama umetuna au haujatuna, sikuweza kujua. Aliona ninapotazama, hakuondoa macho. Sikumwamini. Mpaka leo siwezi kuapa.

"Wengine wako vizuri," akasema. "Huyu nataka nimwangalie. Nipelekee kiti kule bandani, Baba. Nitakaa naye."

Nikasimama, nikachukua kile nilichokuwa nimekalia, nikampelekea.